Mteja ni Nani? Nadharia za Ustawi wa Jamii na Jamvi la Lulindi

Ndani ya kitabu kimoja katika rafu yangu imo fomu ya zamani, imekunjwa mara nne, na karatasi yake imegeuka rangi ya majani makavu. Niliiandaa mwenyewe na kuipiga taipu siku zile nilipokuwa kijana niliyetoka chuoni, kichwa kimejaa vitabu vya ustawi wa jamii. Swali la tatu linauliza jina la baba, la nne jina la mama, la tano jina la mlezi. Hakuna mahali panapouliza jina la mjomba. Niliitumia fomu hiyo mwaka 1994 katika kijiji kimoja karibu na Lulindi, na kwa sababu niliiamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu, watoto watatu walipata taabu wasiyostahili. Kosa lilikuwa langu. Lakini fomu haikutoka hewani. Ilitoka katika vitabu, na vitabu hivyo bado vinafundishwa. Ndiyo maana nimeona si vibaya, sasa ninapokuwa na nafasi ya kukaa na kufikiri, nivipime mmoja mmoja mbele ya msomaji.

Naomba msomaji asiliogope neno nadharia. Kila afanyaye kazi na watu ana nadharia yake, hata kama hajapata kuiandika. Balozi wa nyumba kumi anayesuluhisha mke na mume anayo, kungwi anayo, padri na shehe wanayo. Nadharia ya ustawi wa jamii ni jibu la maswali matatu tu: mtu huyu ana shida gani, shida hiyo imetoka wapi, na nani mwenye haki ya kuitatua. Nitakalolisema katika kurasa hizi ni kwamba vitabu vyetu vimejitahidi sana katika maswali mawili ya kwanza, na katika hilo la tatu vimepita upesi, kana kwamba jibu lake linajulikana.

Kwanza niseme Lulindi ni wapi, kwa ajili ya asiyepafahamu. Ukitoka Masasi, mji wa majabali makubwa, ukaelekea upande wa Newala, unalikuta eneo hili kabla ya kuupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu maji yalikuwa ya shida tangu zamani, na wanawake walikuwa wakishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Huku chini wamechanganyika Wamakua, Wayao na Wamakonde, na wote watatu kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Uislamu na Ukristo, pamoja na sheria za serikali, vimeongeza nguvu za baba, lakini havijamfuta mjomba. Misheni ya Kianglikana ya UMCA iliweka hapa hospitali iliyopata sifa, na daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika nchini mwaka 1935, alifanya kazi hapo miaka mingi kabla ya kuhamia Mnero mwaka 1949. Baadaye akawa raia, akawa mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Nimemtaja kwa sababu hospitali za misheni za aina ile zilikuwa na jambo ambalo wageni waliliona kama fujo: mgonjwa hakuja peke yake. Alikuja na mama, na dada, na chungu, na kuni. Aliyeugua alikuwa mmoja, waliohamia hospitali walikuwa wanne.

Ningalilikumbuka hilo, nisingalifanya nililolifanya.

Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati wa njaa, ambapo watu huchimba ming'oko porini wakingoja mazao mapya. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa ameleta taarifa kwamba mvulana mmoja wa kama miaka kumi na mmoja ameacha shule. Mama yake alikuwa amefariki, na yeye na wadogo zake wawili walikuwa kwa bibi yao mzaa mama. Nilifika kwa baiskeli saa nne asubuhi. Nilimkuta bibi ameketi jamvini chini ya mwembe, pamoja na kaka yake, dada zake wawili, na mzee mmoja jirani. Nikaamkia, wakaitikia, wakanisogezea nafasi. Nilikaa kidogo, kisha nikasema kama nilivyofundishwa kwamba ningependa kuzungumza na bibi peke yake, kwa ajili ya usiri. Walitazamana. Kaka mtu akainuka bila neno, na wengine wakamfuata.

Bibi alinijibu maswali yote kumi na saba. Alinijibu "Ndiyo, mwanangu" au "Sijui, mwanangu." Nilimwuliza kama ana uwezo wa kuwatunza watoto, akasema hana. Nilimwuliza kama baba yao yu hai, akasema yu hai, yuko juu, upande wa Newala, ameoa tena. Nikaandika: mlezi hana uwezo, baba yupo, inapendekezwa watoto wahamie kwa baba. Ilikuwa taarifa safi. Watoto wakapelekwa.

Haikufika miezi miwili, yule mvulana aliteremka ukingo wa uwanda kwa miguu, mdogo wake wa kike mgongoni, akarudi kwa bibi. Yule wa katikati alifuatwa baadaye na mjomba. Baba yao hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiishi kwa wakwe zake, kwenye shamba la ukoo wa mkewe mpya, na hata yeye mwenyewe pale alikuwa kama mgeni. Hakuwa na mahali pa kuwaweka watoto wa ukoo mwingine, na fomu yangu haikumwuliza anaishi kwa nani.

Niliporudi kuulizia, mjomba alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema: "Bwana ustawi, ulimwuliza dada yangu mambo ambayo si yake peke yake. Ulitaka akujibu nini?" Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba siku ile waliyokuwa wamekaa jamvini, walikuwa wamekaa kwa ajili ya watoto hao hao. Walikuwa wamefikia mahali pazuri. Mjomba angemrudisha mvulana shuleni na kumnunulia sare akiuza korosho, dada mmoja angemchukua yule mdogo wa kike, na wa katikati angebaki kumsaidia bibi. Mimi niliukuta mkutano uliokuwa ukiitatua shida, nikauvunja, nikaanza kuitafuta shida upya kwa mtu mmoja.

Nilirudi kwenye vitabu nikiwa na hasira navyo. Nilivyosoma tena kwa utulivu niliona kwamba si vyote vinastahili hasira hiyo.

Anayehesabiwa kuwa mama wa taaluma hii ni Mmarekani Mary Richmond, aliyetoa kitabu chake Social Diagnosis mwaka 1917. Kwa maneno machache, kitabu hicho kinasema msaada bila uchunguzi ni upofu. Usimpe mtu sadaka ukaenda zako. Chunguza kwanza, kusanya ushahidi, ndipo ujue la kufanya. Wengi humlaumu kwamba alimgeuza mwenye shida kuwa mgonjwa wa kupimwa. Lakini ukimsoma kwa haki utaona ameandika kwa kirefu juu ya ndugu, majirani, walimu na madaktari. Hakuwafukuza jamvini. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni ndogo ila ina mizizi: kwake ndugu hao ni mashahidi wa habari za mteja, wanaulizwa wanachokijua kisha wanashukuriwa. Lulindi ndugu si mashahidi. Wao ni wenye kesi.

Baada yake, hasa kuanzia miaka ya 1920, taaluma ya Marekani iliingia katika chumba cha Sigmund Freud, na mlango ukafungwa. Shida ikatafutwa ndani ya nafsi ya mtu na katika utoto wake. Mwaka 1957 vilitoka vitabu viwili ambavyo nadhani vimewalea maofisa wengi kuliko vingine. Kimoja ni cha Helen Harris Perlman, aliyeieleza kazi hii kuwa ni mtu mwenye shida kufika mahali fulani ili asaidiwe kwa hatua zenye mpango. Kingine ni cha Felix Biestek, padri wa Kijesuiti wa Chicago, aliyetupa kanuni saba: kumwona kila mtu kuwa ni yeye na si mfano wa wengine, kumwacha atoe hisia zake, kumsikitikia kwa kiasi, kumpokea alivyo, kutomhukumu, kumwachia aamue mwenyewe, na kutunza siri zake.

Tulizikariri kanuni hizo saba kama watoto wa chuoni wanavyokariri sura fupi. Ni kanuni njema. Lakini tazama zote zinamzungumzia nani: mtu mmoja, mbele ya mtu mmoja. Hata neno la Perlman, kwamba mtu "hufika mahali," linadhani mwenye shida ndiye anayesafiri kwenda ofisini, si ofisa anayefika nyumbani kwa watu na kuwakuta wamekwisha kukaa. Na ile kanuni ya kuamua mwenyewe, ambayo huko ilikotoka ni kinga dhidi ya ofisa anayejifanya mungu mdogo, mimi niliitumia kumlazimisha bibi kizee aamue jambo ambalo kwa mila yake kuliamua peke yake kungekuwa utovu wa adabu kwa nduguze. Nilimnyima haki yake kwa jina la haki.

Hapa lugha yetu wenyewe ilitaka kutusaidia tukakataa. Tumelichagua neno mteja kwa mtu anayehudumiwa na ofisi ya ustawi, na leo mteja ni yule anayenunua sukari dukani. Lakini mteja wa zamani katika Kiswahili alikuwa pia mtu aliye mikononi mwa mganga. Mteja huyo hakwenda kupungwa peke yake. Alisindikizwa, ndugu walikaa, walilipa, walijibu maswali ya mganga, na kama chanzo cha ugonjwa kilikuwa ugomvi wa nyumbani, walitakiwa kuusema. Sisifu uganga. Nasema tu kwamba tulikuwa na neno lililowabeba watu wengi ndani yake, tukalipunguza likabeba mmoja.

Msomaji ataniambia: basi jibu ni rahisi, tuache ya Chicago tufuate ya Lulindi. Mimi nami nilifikiri hivyo kwa muda wa miaka mitatu. Na wenzangu waliandika hivyo. James Midgley alipotoa kitabu chake cha mwaka 1981 akiuita usambazaji wa taaluma hii katika nchi zetu kuwa ni ubeberu wa kitaaluma, tulifurahi, na tulikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini Masasi ilikuwa imekwisha kulijaribu jambo hilo la kurudi kwenye mila muda mrefu kabla ya vitabu hivyo, na matokeo yake yanafaa kutazamwa.

Dayosisi ya Masasi ilianza mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, aliongoza hadi mwaka 1944. Yeye alikataa kuwaambia Wakristo waache jando. Aliona kwamba jando ndilo linalomfanya kijana kuwa mtu wa jamii yake, na akilikataza atakuwa amemng'oa kijana bila kumpanda kwingine. Kwa hiyo jando lilifanywa la Kikristo: kambi ikabaki, tohara ikabaki, mafundisho ya adabu yakabaki, na sala zikachukua nafasi ya matambiko. Wataalamu wamelijadili sana jaribio hilo, na mwanahistoria Terence Ranger aliandika juu yake mwaka 1972. Kwa wavulana lilishika mizizi. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu unyago ni nyumba ya wanawake, na aliyetaka kuipanga upya alikuwa hajapata kuingia.

Namheshimu Lucas kwa kuwa alitazama kabla ya kukataza, jambo ambalo mimi sikulifanya. Hata hivyo, jaribio lake linatuachia swali. Aliyeamua nini kibaki na nini kiondoke alikuwa askofu na wakubwa waliokaa naye, wengi wao wanaume. Sisi tunaosema leo "ustawi wa jamii wa Kiafrika" tunafanya hivyo hivyo. Tunachagua kilichotupendeza katika mila, tunakipa jina zuri, na hatumwulizi yule ambaye mila hiyo humkalia shingoni.

Nililijua hilo mwaka 1997. Msichana wa darasa la sita, ambaye alikuwa ametoka unyagoni, alikuwa akitaka kuozwa. Safari hii sikufika na fomu. Nilikaa jamvini tangu asubuhi, nikala muhogo waliokula, nikasikiliza. Mjomba alisema, mama alisema, shangazi wa mwoaji alisema. Msichana alikuwa ameketi mlangoni, kichwa chini. Nikaona ni adabu aulizwe naye. Akaulizwa, mbele ya wote: "Umekubali?" Akasema: "Nimekubali." Nikaandika kwamba familia imeafikiana. Nilipokuwa naufunga mkoba wangu nilijiona nimekomaa.

Njiani muuguzi mmoja wa zahanati, mama wa makamo, alinisimamisha. "Bwana ustawi," akasema, "ulimwuliza mbele ya nani?" Sikuwa na jibu. Kesho yake aliandamana na yule binti kwenda kisimani, wawili tu na ndoo zao, na huko binti akasema alilokuwa nalo. Alimwogopa mwanaume yule, na alitaka kumaliza shule. Akaomba isijulikane kwamba yeye ndiye aliyesema.

Basi hapo Padri Biestek alirudi kwangu kwa mlango wa nyuma. Usiri ambao kwa bibi ulikuwa tusi, kwa binti ulikuwa kinga yake pekee. Kumwona mtu kuwa ni yeye, wala si sehemu ya ukoo tu, ndilo jambo alilolihitaji. Jamvi linaamua vizuri, lakini linasikia sauti nzito kuliko sauti nyembamba, na anayeketi mlangoni hujibu anachotakiwa kujibu. Kanuni iliyozaliwa Chicago iliweza kusema kweli mahali ambapo mila yetu ilinyamaza.

Lakini angalia jinsi jambo lenyewe lilivyomalizika, kwa maana si kanuni iliyolimaliza. Muuguzi hakuja kwangu kudai haki za mtoto kwa sauti. Alikwenda kwa kungwi aliyemfunda binti yule, akamweleza. Kungwi akaenda kwa mjomba usiku, kama mwenye neno lake mwenyewe, akamwambia kwamba mwari huyu hajakomaa na yeye kungwi hataki lawama. Mwalimu mkuu naye akakumbusha, bila kumtaja mtu, kwamba kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 mzazi anayemtoa mtoto shule ya msingi anaweza kushtakiwa. Siku ya pili ya jamvi mjomba mwenyewe ndiye aliyesema posa ingoje. Hakuna aliyeshindwa mbele ya watu. Binti alimaliza darasa la saba mwaka 1998. Siri yake ilitunzwa, na jamvi likaheshimiwa. Hayo mawili vitabu vyangu vilikuwa vimenifundisha kuyachagua moja.

Sasa nije kwenye vitabu vilivyofuata, vinavyodai kwamba vimekwisha kutibu ugonjwa huu. Allen Pincus na Anne Minahan, mwaka 1973, walituambia tuone mifumo: mtu, familia, shule, ofisi, vyote vinavutana. Carel Germain na Alex Gitterman, mwaka 1980, walitumia mfano wa viumbe na mazingira yao, kwamba tusimtazame samaki bila maji. Ni hatua kubwa mbele, na ningekuwa nimevielewa mapema fomu yangu ingekuwa na mistari mingine. Nilipowachorea wakufunzi wangu familia ya yule binti kwa mtindo huo, nilipata mchoro mzuri: duara katikati, na maduara mengine kuizunguka, mjomba, mama, kungwi, shule, zahanati. Kisha nikagundua kwamba duara la mjomba na duara la binti yana ukubwa sawa. Mchoro ulionyesha nani anahusiana na nani, haukuonyesha nani anaweza kumnyamazisha nani.

Tena kuna kitu ambacho mchoro haukuwa nacho kabisa, nacho ni mkorosho. Yule mjomba wa mwaka 1994 alikuwa ameahidi sare ya shule akiuza korosho. Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74, nyingi zikitoka kusini huku. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajashika. Salfa ya kupulizia ilipatikana kwa fedha, na mwenye mti usiozaa hana fedha. Mjomba asiyeweza kutimiza wajibu wake hupungukiwa heshima, naye aliyepungukiwa heshima huanza kukwepa jamvi. Ukimwandika katika jalada kuwa "ndugu asiyewajibika," umeuandika ubwiriunga kuwa tabia.

Wako waliotufundisha kuyaona hayo. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisema mnyonge asijazwe maarifa kama mtungi, bali asaidiwe kuisoma hali yake na kuibadili. Katika miaka ya 1990 mradi wa RIPS, uliogharimiwa na Finland, ulieneza Mtwara na Lindi njia za kuwashirikisha wanakijiji: watu walichora ramani ya kijiji chao chini mchangani, wakapanga visima, mashamba na njia. Niliona mikutano ya namna hiyo ikimtoa mtu mavumbini. Niliona pia mingine ambayo fimbo ya kuchorea haikutoka mikononi mwa watu watatu. Ushirikishwaji nao ni jamvi, na una mlango wake na waketio mlangoni.

Nadharia iliyo na mashabiki wengi siku hizi ni ile ya kutazama nguvu za mtu badala ya upungufu wake, iliyopata kitabu chake maarufu mwaka 1992 chini ya uhariri wa Dennis Saleebey. Naipenda, na naiogopa. Naipenda kwa sababu ingenizuia kuandika "mlezi hana uwezo" juu ya mwanamke aliyekuwa ameizungusha familia nzima kuwazunguka wajukuu zake. Naiogopa kwa sababu nimesikia katika semina watu walioshiba wakisema kwamba jamii zetu zina uwezo mkubwa wa kulea yatima, na baada ya maneno hayo hapakuwa na bajeti. Kumsifu bibi ni rahisi kuliko kumlipa. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliopanuliwa kuanzia mwaka 2012, una kasoro zake, lakini umetambua jambo moja ambalo vitabu vya ushauri nasaha havikulitambua: wakati mwingine bibi hana haja ya kueleweka zaidi, ana haja ya fedha mkononi.

Je, nimebakiza nadharia gani? Sijaitupa hata moja, ila kila moja nimeipa mahali pake, na utaratibu nilioufuata katika miaka yangu ya mwisho kazini ulikuwa rahisi. Kwanza nilikaa jamvini na wote, bila karatasi, nikauliza mlikuwa mmefikia wapi kabla sijaja. Pili nilitafuta ni nani ambaye hakusema, nikahakikisha mtu anayeaminiwa naye, mara nyingi si mimi, anamsikia mahali ambapo hakuna sikio la pili. Tatu nilirudi jamvini nikiwa na lile tu aliloruhusu lisemwe, na nikalitafutia mdomo ambao wakubwa wanaweza kuukubali bila aibu. Nne niliuliza habari za mikorosho. Mambo hayo hayamo katika kitabu kimoja, na siyadai kuwa nadharia mpya. Richmond yumo ndani yake, Biestek yumo, Freire yumo, na yule muuguzi ambaye hakuandika kitabu yumo kuliko wote.

Nawaandikia hasa vijana wanaotoka vyuoni sasa, kwa sababu wanakwenda kazini na fomu nzuri kuliko yangu, nyingine zimo ndani ya simu. Wasizidharau. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa nguvu ambazo sisi hatukuwa nazo, na nguvu hizo zina kazi. Ila kabla hawajauliza swali la kwanza, watazame ni nani wameketi, wameketi kwa sababu gani, na nani yuko mlangoni.

Yule mvulana aliyeteremka ukingo na mdogo wake mgongoni alirudi shuleni mwaka uliofuata, baada ya msimu wa korosho. Sare alinunua mjomba. Mimi siku hiyo nilipita kijijini kwa shughuli nyingine, bibi akaniita nikaketi jamvini, akanipa bakuli la ming'oko. Hakunikumbusha lolote. Niliporudi nyumbani niliitoa fomu, nikaandika kwa kalamu chini ya swali la tano: "Jina la mjomba." Mwaka 1997, baada ya mambo ya yule binti, niliongeza mstari mwingine: "Nani hakusema?" Ndiyo hiyo iliyomo kitabuni.